Uliza Dada Muuguzi: Natibiwa, au naangaliwa tu?

Safari hii meseji nyingi zimekuja za mlango wa kizazi na karibu zote zina neno "utafiti" ndani yake. Ya kwanza nimeiacha ndefu kama ilivyokuja, nimetoa tu jina la kituo kwa sababu upande wao sijausikia.

*Shikamoo dada muuguzi. Mi ni mama wa watoto watatu naishi Pasua hapa Moshi, nina miaka 37, nauza mtumba Memorial. Mwaka jana nilienda kupima mlango wa kizazi, ile ya kupakwa siki, nesi akaniambia kuna doa jeupe. Niliogopa sana maana shangazi yangu alikufa na ugonjwa huo huo, alikuwa anatoka damu mpaka tukawa tunafua mashuka asubuhi na jioni. Nikiwa bado nimekaa pale nje akaja dada mwingine na makaratasi akasema kuna utafiti, nikiingia nitapimwa na vipimo vikubwa na nauli nitapewa, akanisomea harakaharaka watu wamejaa pale kwenye benchi, nikasaini. Tokea hapo nimeitwa mara mbili, kila baada ya miezi sita, wananiangalia, wanachukua ute kwa kijiti, wananipa nauli naondoka. Nikiuliza naambiwa "tunakufuatilia". Sijui kama nimetibiwa au la, na nakala ya ile fomu sikupewa. Mume wangu anasema wananifanyia majaribio nisiende tena. Nikiacha si watanikatia huduma? Na lile doa je? — Mama Pasua*

Marahaba mdogo wangu. Pole sana kwa shangazi, hayo mashuka nayajua, nimeyaona kwenye nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Swali lako la mwisho naliweka la kwanza. Ile siki ni nyepesi, asilimia 3 mpaka 5, inapakwa inasubiriwa kama dakika moja hivi, chembe zilizobadilika zinageuka nyeupe na zile nzima zinabaki na wekundu wake wa kawaida. Kwa hiyo doa jeupe sio saratani, ni alama kwamba kuna kitu kimebadilika, na mara nyingi kilichobadilisha ni kirusi cha HPV ambacho karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo la ndoa anakutana nacho wakati fulani, awe mwaminifu asiwe mwaminifu, na wengi mwili unakisafisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila hata kujua walikuwa nacho. Shida ni kile kinachogoma kutoka. Aina ya 16 na ya 18 peke yake ndo zinabeba kama asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Lakini hata hizo zinakwenda taratibu, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inachukua miaka 15 mpaka 20 kutoka kwenye kubadilika mpaka kuwa saratani, kwa anaeishi na VVU bila dawa inaweza kuwa miaka 5 mpaka 10. Kwa hiyo muda unao mama, usilale macho wazi. Ila muda huo ni wa kuutumia.

Sasa hapa ndo pana utata na ndo maana siwezi kukuambia kwamba wamekukosea. Mabadiliko haya yana ngazi tofauti. Yale madogo mara nyingi yanarudi yenyewe, na daktari akisema tusubiri tuangalie baada ya miezi kadhaa hajakupuuza, ndivyo inavyofanyika hata huko kwenye mashine za mamilioni. Yale makubwa, wanayoyaita daraja la tatu, hayo hayasubiriwi. Hayo yanatibiwa. Na kliniki zetu nyingi doa linalofaa kutibiwa linatibiwa siku ile ile, ama tiba mgando, yaani kugandisha kwa baridi kali, ama kuchoma kwa joto, dakika chache tu unavaa nguo zako unarudi nyumbani na maelekezo ya kutolala na mume kama wiki nne hivi, na maji maji yatakutoka wiki kadhaa usishtuke. Likiwa kubwa sana unapelekwa juu wakalikate kwa waya wa umeme. Sasa wewe hujasema hata kimoja kati ya hivyo, na mtu akiwa amegandishwa au kuchomwa kwa kawaida anakumbuka. Ndo maana barua yako imenikaa rohoni.

Nikupe kisa cha kweli cha mbali sana na Moshi, cha New Zealand. Hospitali kubwa ya wanawake pale Auckland ilikuwa na daktari bingwa anaitwa Herbert Green. Yeye aliamini kwamba yale mabadiliko makubwa ya mlango wa kizazi hayageuki kuwa saratani, mwaka 1966 akapeleka pendekezo hospitalini kwake wakamkubalia, ikawa baadhi ya wanawake wenye mabadiliko makubwa hawatibiwi inavyotakiwa, wanaangaliwa tu. Waliitwa mara kwa mara, walivuliwa nguo, walikatwa vinyama vidogo vya kupeleka maabara, wakaandikwa kwenye faili, wakarudi makwao wakiamini wanatibiwa. Hawakuambiwa kwamba wako ndani ya utafiti. Wenzake wawili, McIndoe aliyekuwa anawapima kwa kolposkopu, yaani ile darubini ya kuangalia mlango wa kizazi, na McLean wa maabara, walipiga kelele mapema sana ndani ya hospitali, hawakusikilizwa, mpaka mwaka 1984 wao na wenzao wakachapisha matokeo hadharani. Mwaka 1987 waandishi wawili wanawake, Sandra Coney na Phillida Bunkle, wakaandika habari hiyo kwenye jarida nchi ikachafuka, serikali ikamteua jaji Silvia Cartwright achunguze, ripoti yake ikatoka mwaka 1988. Baadae wataalam walirudi kwenye yale mafaili wakahesabu. Wanawake 143 waliokatwa vinyama vya kupima tu bila tiba, ndani ya miaka 30 asilimia 31 walipata saratani yenyewe. Waliotibiwa ipasavyo haikufika hata asilimia 1.

Rudia kusoma hizo namba mbili mama, polepole.

Sikusimulii hivi ili uwakimbie watafiti. Nakusimulia uone kwamba kuitwa kliniki kila baada ya miezi sita na kutibiwa ni vitu viwili, vinaweza kwenda pamoja na vinaweza visiende pamoja, na mwenye haki ya kujua kipi ni kipi ni mwenye mwili.

Kwa hiyo usisubiri mwezi wa kuitwa, nenda wiki hii, na mtu ukiwa nae ni vizuri zaidi. Ukifika uliza hivi hivi kwa Kiswahili cha nyumbani: majibu yangu yalionyesha nini, ni daraja la ngapi? Nimetibiwa au naangaliwa tu? Kama naangaliwa, ni kwa sababu lile doa ni dogo au ni kwa sababu nimepangwa kwenye kundi la wasiotibiwa kwanza? Wakikuambia "tunakufuatilia" sema sawa nimeelewa, mnafuatilia nini? Halafu omba nakala ya fomu yako. Hiyo sio fadhila, unatakiwa ukae nayo nyumbani, na chini yake kuna namba ya simu ya mtafiti mkuu na namba ya kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti. Tafiti za afya Tanzania hazianzi bila kibali cha kamati ya maadili, ya kitaifa iko chini ya NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na vyuo vikubwa kama hapo KCMC vina ya kwao. Piga. Hizo namba zimewekwa zipigwe na mtu kama wewe.

Na kuacha unaweza, saa yoyote, bila kutoa sababu, na huduma yako haikatwi. Mtu akikuambia ukitoka kwenye utafiti hutibiwi tena amevunja sheria ya kazi yake na hilo ndo la kwanza kulisema kwenye simu ya kamati. Shemeji hapo nyumbani mwambie hofu yake ina msingi ila asikukataze kupima. Kutoka kwenye utafiti sawa, kutoka kwenye kipimo hapana. Ukitoka leo, nenda kituo kingine na yale majibu yako, uangaliwe upya.

Lililobaki kwenye barua yako ni lile la kusomewa harakaharaka, nami siwezi kulipita kwa sababu nimewahi kukaa kwenye hiyo meza. Kliniki moja pembeni ya Arusha, miaka mingi iliyopita, aliletwa mama wa Kimaasai mtu mzima, shanga shingoni, na mkwe wake kijana. Mwenzangu akafungua kidau cha wino, kabla hajasoma hata mstari wa kwanza mama akawa kashachovya dole gumba na kulitandika kwenye karatasi, tena sehemu ya shahidi. Akabaki analiangalia lile dole lake la bluu, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeuza shamba?" Mkwe wake akainamisha kichwa. Unajua kwetu dole gumba linahusiana na nini, watu wamepoteza ardhi ya mababu kwa dole gumba. Tukachana ile karatasi tukaanza upya, mkwe anatafsiri, mama anauliza, tunarudi nyuma, ilichukua zaidi ya nusu saa na foleni nje inanung'unika. Mwisho alikataa utafiti. Akapimwa kama wengine, akavaa lubega lake akaondoka. Na mimi nilichojifunza siku ile ni kwamba kama hakuna nafasi ya kusema hapana basi ile ndiyo haina maana yoyote, hata iwe na sahihi kurasa zote.

Wewe hukupewa hiyo nafasi pale kwenye benchi mama. Nenda kaichukue sasa hivi, haijapotea. Na uniandikie walichokujibu.

*Dada muuguzi mambo. Huo ute wanaochukua kwa kijiti unaenda wapi? Nimesikia kuna mama Marekani walichukua chembe zake wakatengeneza hela nazo, ni kweli au ni stori za watsap? — Dada wa Sakina, Arusha*

Ni kweli kabisa. Aliitwa Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto watano, mwaka 1951 alienda hospitali ya Johns Hopkins pale Baltimore akitoka damu, wakamkuta na saratani hii hii ya mlango wa kizazi. Walikata kipande cha uvimbe wakapeleka maabara, hakuna aliyemuomba. Alikufa mwezi wa kumi mwaka huo huo akiwa na miaka 31, ila zile chembe hazikufa, zilikuwa zinazaliana tu kwenye chupa, zikasambazwa maabara za dunia nzima na ndo zilizotumika kujaribia chanjo ya polio. Familia walikuja kujua baada ya miaka zaidi ya 20. Kampuni zimeuza vitu vilivyotokana nazo miaka na miaka, na ni mwaka 2023 tu ndo warithi wake walimalizana na kampuni moja kubwa iliyokuwa inafaidika.

Na kuna kitu kimoja kwenye kisa hicho ambacho kila nikikumbuka nanyamaza. Mtaalam wa Ujerumani Harald zur Hausen na watu wake, waliogundua kwamba HPV ndo inaleta saratani hii na yeye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008, waliikuta aina ya 18 ndani ya chembe za mama huyo huyo. Yaani kilichomuua kilikuwa kimekaa mle mle. Chanjo wanayochomwa mabinti zetu leo inamzuia kirusi huyo. Mchango wake ni mkubwa mno, na hakuombwa hata kwa neno moja.

Sasa jibu lako. Sampuli ya matibabu ya kawaida inaenda maabara majibu yanarudi basi. Sampuli ya utafiti fomu inatakiwa iseme inakaa wapi, miaka mingapi, itatumika kwa kitu gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi, na kuipeleka nje kunahitaji kibali na makubaliano ya maandishi. Angalia kwenye fomu, mara nyingi kuna sehemu ya peke yake inayouliza kama unakubali itunzwe kwa tafiti za baadae. Unaweza kukubali utafiti ukakataa hiyo. Watu wengi hawajui, wanaweka vema kote.

*Habari za kazi dada. Binti yangu yuko darasa la nne, walikuja shule na chanjo ya saratani ya kizazi mimi nikamzuia. Kwanza ilikuwa sindano mbili sasa wanasema moja inatosha, si ndo majaribio hayo unayosema? Na wanasema inaua kizazi. — Baba wa Tengeru*

Nzuri kaka. Umeuliza kwa heshima nami nakujibu kwa heshima hiyo hiyo.

Ni kweli ilibadilika. Huko Kilimanjaro walianza kwa majaribio ya utoaji mwaka 2014, nchi nzima ikaanza mwezi wa nne 2018 kwa wasichana wa miaka 14, sindano mbili, na mwaka 2024 ikawa moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Haikubadilishwa kwa binti yako ili waone itakuwaje, ilibadilishwa baada ya utafiti kuisha. Na utafiti mmoja mkubwa katika hizo ulifanyika hapa hapa kwetu, Mwanza, wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14, wengine walichomwa moja, wengine mbili, wengine tatu, wote walipata chanjo hakuna aliyeachwa bila kitu, wazazi waliombwa ridhaa na mabinti wenyewe pia waliulizwa. Ikaonekana wa sindano moja nao miili yao imetengeneza kinga na inadumu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaikubali sindano moja, likitazama hao na tafiti za nchi nyingine. Unaona tofauti na ile ya Auckland? Mi nawashukuru sana wale mabinti wa Mwanza, maana kwa nchi kama yetu sindano moja badala ya mbili ni watoto wengi zaidi kufikiwa.

La kuua kizazi hapana kaka. Ndani ya ile chanjo hakuna kirusi kizima, kuna ganda lake tu, ili mwili umjue adui kabla hajaja. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, kwa sababu kuitibu mara nyingi ni kukitoa au kukipiga mionzi. Hapa Tanzania wanawake zaidi ya elfu kumi wanaipata kila mwaka. Mruhusu mtoto achomwe, akikosa shule mpeleke kituo cha afya. Na yeye akishakuwa mtu mzima bado atapima, chanjo haifuti kipimo. Halafu samahani nikuulize, mama yake je, amewahi kupima? Kuanzia miaka 30 mpaka 50 ndo umri hasa wa kupima, na kwa anaeishi na VVU mapema zaidi na mara nyingi zaidi.

*Dada samahani, mama yangu ana miaka 61 yuko Kibosho, hedhi ilikata zamani ila wiki tatu sasa anaona damu kidogo kidogo, anasema imerudi tu itaisha. Kuna jirani kasema asubiri kuna watafiti watakuja kupima bure. Asubiri? — Binti wa Majengo, Moshi*

Asisubiri. Hedhi haikati miaka kumi halafu ikarudi, damu baada ya kukoma hedhi inatafutiwa sababu siku hiyo hiyo, inaweza kuwa kitu kidogo na inaweza kuwa hiki tunachokiongelea toka juu. Siki wala watafiti sio kazi yao hapa, mama anatakiwa aonwe na daktari wa wanawake kwa spekulamu, kile kifaa cha kufungulia njia ili mlango wa kizazi uonekane, na pengine akatwe kinyama kipelekwe maabara. Hospitali ya Mawenzi wapo, KCMC wapo. Panda Kibosho kesho alfajiri umchukue, mvalishe gauni rahisi kuvua, beba kadi ya bima kama anayo na dawa zote anazotumia, na wakiuliza damu ilianza lini usimwachie ajibu yeye peke yake maana atasema jana.